Chombo Kikikesha, Je, Sisi Tulale?

Sisi wa Butembo, wa Beni na wa Lubero twakaa kando ya ufa. Neno hilo si fumbo. Ukitoka katika vilima vyetu na kuelekea mashariki, nchi yashuka ghafula mpaka ziwa Edward na bonde la mto Semliki. Na ng'ambo ya bonde yasimama milima ya Ruwenzori na theluji yake, yenye kimo cha meta 5,109. Wataalamu huliita bonde la namna hiyo kwa neno la Kijerumani, Graben, yaani handaki. Na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 kimechukua jina hilo hilo. Pande mbili za ufa huu zaachana polepole sana, milimeta chache tu kwa mwaka. Mahali miamba inapokwama, hujikaza kwa miaka mingi, kisha hujinasua kwa muda wa sekunde chache. Hapo sisi twasema: tetemeko limepita.

Mengi hupita bila madhara, lakini si yote. Tarehe 20 Machi 1966, kabla ya mapambazuko, tetemeko kubwa lilipiga bonde la Semliki, mpakani mwa Kongo na Uganda, likaua watu wapatao 150 na kuharibu nyumba maelfu. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Dominika asubuhi, nchi ilitikisika karibu na Bukavu. Na huko Rwanda, ng'ambo ya mpaka, kanisa liliwaangukia waumini waliokuwa wakisali. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa zamu ya Bukoba, katika Tanzania, ambako walikufa watu wapatao 17. Na hayo ni yale tunayoyahisi. Mwaka 2006 na 2007 wataalamu kutoka Ujerumani waliweka vyombo kuizunguka milima ya Ruwenzori upande wa Uganda, wakahesabu matetemeko kama 800 kwa kila mwezi. Karibu yote yalipita chini ya nyayo za watu bila mtu kuinua kichwa.

Basi siku hizi viko vyombo vinavyokesha mlimani usiku na mchana, bila mlinzi wa kuvisomea, na kupeleka habari vyenyewe mpaka mjini. Juu ya vyombo hivyo twataka kuuliza swali moja, nalo si la fundi tu bali ni la kila Mkristu: ikiwa chombo kinakesha badala yetu, je, wajibu wetu wa kukesha umekwisha?

Kwanza yafaa tujue chombo chenyewe kinafanyaje kazi, kwani mtu hawezi kupima haki ya jambo asilolijua.

Kipimatetemeko si kitu cha uchawi. Tundika jiwe zito kwa kamba, kisha mtu atikise ghafula dari ulikolitundika: kwa kitambo kidogo jiwe labaki mahali pake, na nyumba ndiyo inayokwenda. Ukiweza kupima tofauti ya jiwe na nyumba, umepima tetemeko. Zamani kalamu ilichora mtikisiko huo juu ya karatasi iliyozungushwa pole pole. Mtu alikuja kila siku kubadili karatasi, na karatasi ikasafiri kwa posta. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kazi hiyo ilifanyika tangu miaka ya 1950, katika kituo cha elimu kilichojengwa na Wabelgiji. Leo umeme umechukua nafasi ya kalamu. Chombo kinapima mtikisiko hata mara 100 kwa sekunde, kinapata saa sahihi kutoka kwa satelaiti, kinakula umeme wa betri inayojazwa na paneli ya jua, na kupeleka hesabu zake kwa njia ya mnara wa simu au ya satelaiti. Kuanzia mwaka 2012 Kituo cha Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilishirikiana na wataalamu wa Luxembourg na Ubelgiji kujenga mtandao wa vituo vya namna hiyo kuzunguka ziwa Kivu na milima ya Virunga. Nchi ikitikisika huko, hesabu zake zafika Goma, na hata Ulaya, kabla mtu aliyeamshwa usingizini hajapata viatu vyake.

Lakini chombo kimoja hakitoshi. Tetemeko hutuma mawimbi mawili: moja la mbio, lipitalo kama kilometa 6 kwa sekunde, na jingine la nyuma, lipitalo kama kilometa 3 na nusu. Ni kama umeme na radi: kadiri mvua ilivyo mbali, ndivyo radi inavyochelewa. Tetemeko likitokea Butembo, Goma ikiwa mbali kama kilometa 200, wimbi la pili litafika Goma kama sekunde 25 baada ya la kwanza. Zidisha hizo sekunde kwa 8, nawe wapata kilometa zako. Hata hivyo wajua umbali tu, hujui upande. Chora duara kuzunguka kituo cha kwanza, nyingine kuzunguka cha pili, na ya tatu kuzunguka cha tatu: pale zinapokutana zote, ndipo mahali penyewe. Wazee wetu katika baraza wajua sheria hiyo tangu zamani. Hawahukumu kwa shahidi mmoja. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji wa Goma, vituo vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa viwili tu.

Turudi sasa kwenye swali letu. Kuna majibu matatu yanayosikika mara kwa mara, na yote matatu yatulaza usingizi.

Jibu la kwanza lasema: nchi ni ya Mungu, akitaka kuitikisa ataitikisa, kuipima ni kukosa imani. Wengine huongeza kwamba tetemeko ni adhabu, tena wanajua hata ni adhabu ya nani. Lakini Bwana wetu alipotaja mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane, alikana kabisa kwamba hao walikuwa wakosefu kupita wenzao. Na mtu aliyepewa akili akaacha kuitumia hamheshimu zaidi yule aliyempa. Mkulima atazamaye mawingu kabla ya kuanika kahawa yake haonekani kuwa mpagani. Mwenye kutazama miamba naye ni vivyo hivyo.

Jibu la pili lasema: vyombo vipo, wenye elimu wapo, wao watatuambia. Jibu hili lina sura ya adabu, lakini ndani yake mna uvivu. Chombo hupima, hakijui. Lori lenye mzigo likipita karibu, kinaandika. Ngurumo ikipiga, kinaandika. Kompyuta hujaribu kuchagua kipi ni tetemeko na kipi ni lori, na mara nyingine hukosea. Hapana budi mtu mwenye macho na mafunzo akae chini na kupambanua. Tena betri huzeeka, nyasi huota mbele ya paneli, panya hutafuna waya. Kazi ambayo zamani iligawanyika kwa walinzi wengi sasa imekusanyika kwa watu wachache, na wao wakikosa mshahara au mafuta ya gari, mtandao wote wafumba macho.

Jibu la tatu ni la mwenye kukata tamaa. Husema: hakuna chombo duniani kiwezacho kutabiri siku na saa ya tetemeko, basi chafaa nini? Ni kweli, hakipo. Lakini daktari naye hajui siku ya kufa kwa mgonjwa, na bado anampima. Hesabu zilizokusanywa miaka mingi zatuambia ni wapi miamba inakatika mara nyingi, ni kwa nguvu gani, na kwa hiyo ni wapi shule isijengwe kwa tofali tupu. Na siku ya msiba zatuambia kwa dakika chache tu waokozi waelekee bonde gani. Katika nchi yetu, ambako barabara ya Beni mpaka Butembo ina kilometa 54 tu na siku nyingine haipitiki kwa sababu ya bunduki, dakika hizo si kitu kidogo.

Kuna na sababu nyingine ya kukisifu chombo kinachopeleka habari chenyewe. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni wameuawa kwa mamia, na wengi wao waliuawa mashambani na njiani. Chombo cha zamani kilidai mtu apande mlima kila siku, na katika nchi ya vita mlima waweza kumla mtu huyo. Chombo cha leo kinaokoa nyayo zake nyingi. Si haki kudai mtu ahatarishe roho yake kwa kuchukua karatasi, ikiwa karatasi yaweza kuja yenyewe.

Basi twajibu hivi: chombo chaweza kuchukua kazi ya kukesha, lakini hakiwezi kuchukua wajibu. Kazi hupokelewa na mashine. Wajibu hubaki na watu, ukagawanywa upya. Tuutazame mgawo huo.

Wa kwanza ni jirani wa kituo. Huko mlimani pana paneli ya jua na betri, vitu ambavyo nyumbani vingewasha taa na kujaza simu. Mtu aviibapo, tusiseme upesi kwamba ana roho mbaya. Labda mtoto wake anasoma kwa kibatari. Lakini yatupasa kumweleza amechukua nini. Hakuchukua mali ya Wazungu wala ya serikali. Amemng'oa shahidi mmoja kati ya watatu, na kwa hiyo wale wawili waliobaki hawawezi tena kusema mahali. Taa yake moja imezimwa katika nyumba elfu. Lakini hapo haki yadai na upande wa pili: wanaopanda mlima kuweka chombo bila kuketi na wenye mlima, bila kuwaeleza kazi yake, wasistaajabu wakikuta waya zimekatwa. Mtu halindi kitu asichoambiwa ni chake.

Wa pili ni mwenye mfuko. Fedha za Benki ya Dunia zilizosaidia kituo cha Goma zilikwisha mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na intaneti ya kupokea habari za vyombo vyake vya mbali. Vyombo vilikesha, lakini hapakuwa na wa kuvisikia. Msaada mwingine ulirudisha intaneti mwezi wa Aprili 2021. Na tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ikapasuka, ikaua zaidi ya watu 30 na kuteketeza nyumba nyingi.

Hapa pana fundisho gumu. Wataalamu walipochunguza baadaye hesabu zote, waliona kwamba dalili zilianza kama dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Mlima haukutoa onyo la siku nyingi. Mtu aweza kusema: basi, ile miezi bila intaneti haikudhuru kitu, hakuna mwenye deni. Twakataa. Askari aliyelala zamu hahesabiwi mwema kwa sababu usiku ule mwizi hakuja. Wale waliokata fedha, na wale waliozitumia vibaya kama wapo, hawakujua kwamba mlima ungepasuka kwa ghafula namna ile; kwa kadiri walivyojua, waliacha mji mkubwa bila mlinzi. Na kinyume chake ni kweli pia: mlinzi aliyekesha kwa bidii, na msiba ukampita pembeni, hana hatia. Ulinzi hupimwa kwa uaminifu wa saa ile ile ya kulinda, haupimwi kwa yale yaliyotokea asubuhi. Tukisahau hilo tutawasifu wazembe wenye bahati na kuwafunga waaminifu wenye mkosi.

Jambo hilo nusura litokee huko Italia. Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko liliua zaidi ya watu 300 katika mji wa L'Aquila. Mwaka 2012 korti iliwahukumu wataalamu sita na ofisa mmoja kwenda kifungoni, kwa maneno yaliyosemwa kabla ya siku ile yaliyowatuliza watu. Mwaka 2014 korti ya rufani iliwaachilia wataalamu sita. Yule ofisa alipunguziwa adhabu. Watu wengi walidhani shauri lile lilikuwa juu ya kushindwa kutabiri. Sivyo. Lilikuwa juu ya neno: je, mwenye kujua nusu aruhusiwa kusema kana kwamba anajua yote?

Ndiyo maana wa tatu katika mgawo wetu ni msemaji. Yeye yampasa kusema ajualo, na kusema pia mpaka wa ujuzi wake. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya lava, serikali iliamuru watu wa mitaa kumi ya Goma waondoke, kwa hofu ya mpasuko wa pili. Watu laki kadhaa walitoka, watoto wengine wakapoteana na wazazi wao njiani, na mpasuko wa pili haukuja. Je, amri ile ilikuwa kosa? Kwa kipimo tulichokwisha kutoa, twaihukumu kwa yale yaliyojulikana siku ile: matetemeko yalikuwa yakiendelea, na ardhi ilikuwa imepasuka mjini. Kuonya watu kwa sababu za kweli si uongo, hata hatari isipofika. Lakini onyo nalo lina gharama, na gharama hiyo humwangukia zaidi mama mwenye watoto sita na kikapu kimoja. Kwa hiyo mwenye kuonya asiseme “ondokeni” na kunyamaza. Aseme kwa nini, waende wapi, watakula nini, na lini atawapa habari tena.

Wa nne ni msikilizaji, yaani sisi. Hapa Butembo na Beni hatuhitaji mfano wa mbali. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua kwetu watu 2,287. Hesabu zilikuwapo: majina ya waliogusana na wagonjwa, joto la mwili, siku za kungoja. Chanjo ilikuwapo. Hata hivyo mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi wa Aprili daktari mmoja mgeni aliyekuja kusaidia aliuawa mjini Butembo. Habari ilikuwa ya kweli, lakini mleta habari hakuaminiwa. Watu walikuwa wameuawa miaka mingi bila mgeni yeyote kufika na gari. Ghafula magari yakajaa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wakauliza: kwa nini leo? Swali halikuwa la kijinga. Lakini waliolijibu kwa mawe na moto walilipa kwa roho za ndugu zao. Basi tujifunze: imani ya watu haijengwi siku ya msiba. Yajengwa siku za amani, kwa maneno madogo yanayothibitika. Kama kituo cha kupima kingewatumia radio za Beni na Butembo habari kila mwezi, hata za matetemeko madogo yasiyodhuru, siku ya neno kubwa watu wangeijua sauti.

Na hapa laingia jambo la haki kati ya nchi na nchi. Mlima ukitikisika Kivu, mtaalamu wa Ulaya aweza kuuona mtikisiko huo mezani pake papo hapo, na mwanamke anayelima juu ya mlima huo asijue kitu. Je, ametuibia? Hapana. Elimu si kama dhahabu: akiichukua mmoja haipungui kwa mwingine, na bila wageni hao vyombo vingi visingekuwapo. Lakini akopaye habari ya mlima ana deni la kuirudisha kwa wenye mlima, katika lugha yao, na kuwafundisha vijana wao kuisoma. Nasi tuna deni la kuwatoa vijana hao. Tusilalamike kwamba mlima wetu unasomwa mbali, ikiwa sisi wenyewe hatupeleki watoto kujifunza hesabu na fizikia.

Wa tano, na wa mwisho, ni mjenzi. Tetemeko lenyewe haliui watu wengi. Nyumba ndizo zinazoua. Ukuta mzito wa tofali usiofungwa, bati lililobanwa kwa mawe, kanisa pana lisilo na nguzo: hayo ndiyo yanayotungojea. Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, na pembe za nyumba zilizofungwa vizuri, huongeza gharama, twajua. Lakini wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu sisi hauzibiki. Kilichobaki ni kuujenga ukuta vema tangu mwanzo. Kamati za parokia zinazojenga shule na makanisa zingeanza hapo: kabla ya kuuliza rangi ya ukuta, ziulize kama ukuta utasimama siku nchi itakapotikisika na watoto wakiwa ndani.

Mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Miamba haikujua. Haina chama wala mpaka. Yaendelea kujikaza chini ya yeyote anayetawala juu. Kwa sababu hiyo hata katika magomvi yetu kuna kazi ambazo yafaa pande zote ziziheshimu, kama vile visima na hospitali huheshimiwa na watu wenye utu. Na chombo cha mlimani kimo katika hesabu hiyo.

Ndugu wasomaji, huenda katika kilima chenu kuna kijumba kidogo cha zege chenye paneli ya jua juu yake na waya zinazoingia ardhini. Waulizeni wenye kazi hiyo ni cha nini, na wanalo neno gani kwa ajili yenu. Waambieni vijana wasikiguse. Wakati wa kuchimba msingi wa nyumba mpya, mwiteni fundi anayejua kufunga pembe. Na radio ikitoa onyo, msilipuuze wala msilikuze. Ulizeni limetoka kwa nani, kisha fanyeni upesi lile lililo ndani ya uwezo wenu.